Delamere, Mbotela na Kadi ya Kodi ya Babu

Kwa rika langu, Delamere ni yogati. Ingia duka lolote Jericho ama Buruburu, fungua friji, utalikuta jina hilo limekaa kati ya soda na maziwa ya pakiti. Wazazi wetu walilijua kama jina la zamani la Kenyatta Avenue. Babu zetu walimjua mwenyewe, ama angalau sanamu yake, iliyosimama karibu na hoteli ya New Stanley hadi uhuru ulipokuja ikahamishiwa Soysambu, shamba la familia kule Elmenteita.

Jina la ukoo wao si Delamere. Delamere ni cheo. Jina ni Cholmondeley, na Wakenya wengi tulilisikia vizuri mara ya kwanza kwenye habari za saa moja kati ya 2006 na 2009, wakati Tom Cholmondeley, kitukuu wa yule Lord aliyehamia huku, aliposhtakiwa kwa kifo cha Robert Njoya na hatimaye akahukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Siku za kwanza watangazaji waling'ata ulimi. Kumbe inatamkwa "Chamli". Herufi kumi na mbili, na nusu yake ni za mapambo tu.

Nilianza kulifuata jina hili nyuma kwa sababu isiyo ya kisomi sana. Kwetu Jericho tulikuwa tunabishana kuhusu nyumba, na kila mabishano yalirudi kwa swali moja: jina la nani limeandikwa wapi. Nitafika hapo. Kwanza twende Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mpakani na Wales.

Tarehe 14 Oktoba 1066, William wa Normandy, kutoka ng'ambo ile ya Ufaransa, alimshinda Mfalme Harold karibu na Hastings. Shuleni hadithi huishia hapo, kana kwamba nchi huchukuliwa kwa siku moja. Haichukuliwi hivyo. Kaskazini iliasi, na majira ya baridi ya 1069 kuingia 1070 jeshi la William lilipita likichoma vijiji, mifugo na ghala za chakula. Mwaka 1070 likafika Chester. Miaka kumi na sita baadaye, makarani walipoandika hali ya Cheshire, vijiji vingi viliandikiwa neno moja la Kilatini: wasta. Ukiwa.

Kitabu walichokuwa wakiandika ndicho Domesday. Krismasi ya 1085 mfalme, akiwa Gloucester, aliamua watu wake watumwe kila pembe kuuliza: nani alikuwa na ardhi hii siku za Mfalme Edward, nani anayo sasa, ina plau ngapi, ina thamani gani. Ni kama kila chifu aitwe, aulizwe maswali hayo hayo mbele ya wazee, ajibu kwa kiapo, halafu majibu yakae kwa serikali miaka mia tisa. Na yapo hadi leo, London.

Cheshire yote, ukitoa mashamba ya askofu, iliwekwa chini ya mtu mmoja: Hugh wa Avranches, Mnormani mnene na mkali aliyebandikwa jina Lupus, yaani mbwa mwitu. Yeye naye akawagawia watu wake. Malpas na vijiji vingi vya kando yake vikaenda kwa Robert FitzHugh. Kati ya vijiji hivyo kuna kimoja ambacho karani alikiandika Calmundelei.

Simama hapo kidogo. "Fitz" ni Kifaransa cha Wanormani, maana yake mwana wa. Robert FitzHugh ni Robert mwana wa Hugh, basi. Mmoja wa wakubwa wa Cheshire, na hana jina la ukoo. Anaitwa vile tu tunavyoitana sisi, fulani wa fulani: Kamau wa Njoroge, Ali bin Omar.

Calmundelei nayo ina mtu ndani. Wataalamu wa majina ya mahali hulisoma kama "uwazi msituni wa Ceolmund". Ceolmund ni jina la Kisaksoni. Ni mtu aliyehusishwa na ule uwazi, labda kwa jembe na shoka lake, kabla Mnormani yeyote hajavuka bahari. Hakuacha kingine chochote ila hilo.

Sasa ona kilichofuata. Wanasaba wa Cheshire, akiwemo George Ormerod aliyechapisha historia yake kubwa ya jimbo hilo mwaka 1819, huipitisha milki ya Malpas kutoka kwa Robert FitzHugh hadi ukoo wa Belward. Karibu mwaka 1200 mwana mmoja mdogo, Robert, akapata kijiji cha Cholmondeley, akaanza kuitwa Robert de Cholmondeley. Robert wa Cholmondeley. Kwenye tawi lingine la ukoo huo huo alikuwepo Philip aliyeitwa Goch, "mwekundu" kwa Kiwelsh, na kijiji chake kilikuwa Egerton, katika parokia hiyo hiyo ya Malpas. Tawi lake likawa ukoo wa Egerton.

Yaani waliochukua ardhi walichukua na jina la Msaksoni lililokuwa limelala juu yake, wakalivaa. Vizazi vichache vikipita, hakuna anayekumbuka kwamba ni nguo ya mtu mwingine. Leo ukisema Cholmondeley, unasikia kasri na farasi. Ceolmund na shoka lake hawapo. Na ukoo mkuu bado uko pale pale: kasri la Cholmondeley liko kwenye ardhi hiyo hiyo, zaidi ya miaka 800 baadaye.

(Kama ulisoma Egerton University, nadhani sasa umekaa wima. Ndiyo, ni jina lile lile. Maurice Egerton, Lord Egerton wa nne wa Tatton, alikuja kulima Njoro, na mwaka 1939 akatoa ardhi ya shule ya kilimo iliyokuja kuwa chuo kikuu mwaka 1987. Delamere pia alianzia Njoro. Vijiji viwili vya parokia moja huko Cheshire vikakutana tena Bonde la Ufa, tena majirani. Ila damu ya Egerton ilipita njia ndefu: karne ya 18 mrithi wa Tatton alikuwa mwanamke, Hester, na uzao wake ukabeba jina la kwao, Egerton, badala ya jina la mumewe. Mali ilikuwa upande wa mama. Jina likafuata mali.)

Kule Uingereza kuna ugonjwa wa zamani wa kila familia kubwa kudai babu yao alikuja na William. Watu ambao maandishi ya wakati ule yanathibitisha kwamba walipigana Hastings ni wachache mno, hawajazi hata matatu moja ya abiria thelathini na tatu. Lakini orodha zilizoandikwa karne za baadaye zina mamia ya majina, mengine yaliongezwa kumfurahisha tajiri fulani. Usicheke. Hapa kwetu, ukisikiliza hotuba za mazishi, babu wa kila mtu alikuwa msituni na Kimathi. Hakuna babu hata mmoja aliyekuwa homguard.

Tuje kwa cheo. Mwaka 1821 Cholmondeley mmoja wa tawi la Vale Royal alifanywa baroni, akachagua kuitwa Delamere, kutokana na msitu wa jirani. Kwenye maandishi ya Kilatini msitu huo uliitwa foresta de Mara, msitu wa maziwa madogo. Hiyo Mara haihusiani na Mara yetu, ambayo ni Kimaasai. Nimeitaja kwa sababu nilipoiona nililazimika kusoma mara mbili.

Vale Royal penyewe pana hadithi ambayo sijaisikia ikisimuliwa huku, na inafaa. Ilikuwa monasteri. Mfalme Edward wa Kwanza aliianzisha katika miaka ya 1270 na kuwapa watawa vijiji pamoja na watu wake, kikiwemo Darnhall. Wanakijiji wakasema hapana, sisi tulikuwa watu huru wa mfalme, hatuwezi kugeuzwa watwana wa abati. Ukiwa mtwana, huwezi kumwoza binti yako bila kulipa, wala kukodisha shamba lako bila ruhusa. Walienda kwa mfalme mapema kabisa, naye akawarudisha wakiwa watwana kama walivyokuja. Wajukuu zao hawakuchoka. Mwaka 1336 walimfuata Abati Peter hadi Rutland, mbali na kwao, wakamvamia njiani, na mtumishi wake mmoja akauawa. Mwishowe walishindwa. Karne mbili baadaye Mfalme Henry wa Nane akafunga monasteri zote, ardhi ikauzwa, na mwanzoni mwa karne ya 17 Lady Mary Cholmondeley akainunua Vale Royal. Watu wa Darnhall walikuwa wamedai ardhi yao kwa watawa vizazi kwa vizazi. Ilipotoka mikononi mwa watawa, haikurudi kwao. Ilienda kwa mwenye pesa.

Sasa panda meli. Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, aliingia nchi hii mara ya kwanza mwaka 1897 akitokea Somaliland kwa miguu, akiwinda. Mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Kodi: pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 juu ya ardhi hiyo katika miaka mitano. Ulisoma vizuri. Delamere naye alianza kama mpangaji wa serikali. Baadaye akapata Soysambu, zaidi ya ekari 50,000. Pesa za kuendesha majaribio yake ya kondoo, ng'ombe na ngano zilitoka kwa sehemu kubwa Cheshire, kwa kuiweka rehani Vale Royal. Ardhi waliyoililia watu wa Darnhall ikawa dhamana ya mikopo ya kulima Bonde la Ufa.

Na Domesday ya huku? Tulikuwa nayo, ila iliandikwa vipande vipande. Sheria ya ardhi ya 1902 iliruhusu mikataba ya miaka 99. Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa makubaliano ya 1904, kisha wale waliopelekwa Laikipia wakahamishwa tena kwa makubaliano ya 1911. Walipoenda kortini mwaka 1913, katika kesi inayokumbukwa kwa jina la Ole Njogo, waliambiwa kwamba wao ni taifa la kigeni lililoingia mkataba na Mwingereza, kwa hivyo korti haina uwezo wa kuusikiliza mkataba huo. Wageni, kwao. Sheria ya 1915 ikanyoosha mikataba ya walowezi hadi miaka 999. Hata William hakuwa na mbio hizo.

Karani wa Domesday aliuliza nani anamiliki. Karani wa Kenya, kuanzia 1920, aliuliza pia swali la pili kwa wasiomiliki: wewe ni nani, mwana wa nani, wa kabila gani, wa chifu gani, weka kidole hapa. Hicho ndicho kipande, ambacho mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea nacho, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mlowezi akaandikwa kwenye hati ya ardhi. Mfanyakazi akaandikwa kwenye kipande, na jina lake likagandishwa hapo kama lilivyosikika na sikio la karani siku hiyo.

Hapa ndipo kadi ya babu inapoingia.

Babu alipata nyumba ya baraza Jericho baada ya uhuru, mwaka 1964. Kadi ya kodi ipo, dani huiweka ndani ya Biblia ya Kijaluo. Imeandikwa: Odiambo s/o Owor. Ni Odhiambo, kwa kweli, na Owuor, lakini karani hakuwa na muda wa kusikiliza. Nilipoitoa kadi hiyo baada ya wiki kadhaa za kusoma habari za Cheshire, nilicheka peke yangu jikoni. Hiyo "s/o" ni Fitz. Babu yangu aliandikwa vile vile Robert alivyoandikwa mwaka 1086, mwana wa fulani. Tofauti ni safu iliyofuata. Kwa Robert palikuwa na majina ya vijiji. Kwa babu palikuwa na namba ya nyumba na kiasi cha kodi.

Kijaluo, Odhiambo ni mtoto wa kiume aliyezaliwa jioni. Owuor, usiku wa manane. Haya ni majina ya saa, si ya mahali. Ukiita "Odhiambo!" pale steji ya Jericho Market siku ya mechi, nusu ya foleni itageuka. Kwa hivyo halikuwa jina lililotengenezwa kubeba mali kutoka kwa baba hadi mwana. Huko Siaya halikuhitaji kubeba, kwa sababu kila mtu alijua boma la nani liko wapi. Tatizo lilianza siku karani wa ardhi alipofika kijijini kupima na kuandika mashamba. Babu alikuwa Nairobi kazini. Aliyekuwepo siku hiyo ni ndugu yake, na shamba lote likaandikwa kwa jina la aliyekuwepo. Hakukuwa na ubaya, kwa maneno ya dani. Ndugu alisema, tutagawana ukirudi. Babu alirudi mwaka 1991, ndani ya jeneza.

Huku mjini nako, wanawe watatu walipochukua vitambulisho, kila mmoja aliandikwa kivyake. Baba mkubwa alitumia jina la Owuor. Baba yangu alitumia Odhiambo. Mdogo wao alisajiliwa kwa majina yake mawili tu, Peter Ouma. Baba mmoja, ukoo mmoja, karatasi tatu ambazo hazijuani. Hilo halikumsumbua mtu hadi mwaka juzi, habari za kubomoa nyumba za zamani za Eastlands na kujenga ghorofa zilipozidi mtaani na watu wakaanza kuulizwa mpangaji wa kwanza alikuwa nani na wewe ni nani wake. Wajomba wakashika makaratasi. Shangazi yangu, aliyemuuguza babu na bado anaishi kwenye nyumba hiyo na dani, hakuwemo kwenye karatasi yoyote. Ndiyo maana tulikuwa tunabishana.

Mitaa yetu yenyewe ina majina ya kila aina, na nimegundua kwamba ukiyauliza vizuri yanajibu. Donholm lilikuwa shamba la Mskochi James Kerr Watson, naye alilibeba jina kutoka Doonholm, kando ya mto Doon huko Ayrshire, akalitua juu ya nyasi za Embakasi. Barabara iliyoelekea huko ikawa Doonholm Road, na leo ni Jogoo Road. Huko Doonholm ya Uskochi, mtunza bustani wa tajiri mwenye shamba alikuwa baba yake mshairi Robert Burns. Mtunza bustani ndiye tunayemkumbuka. Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokufa kwa maelfu mengi na kuzikwa bila jina kaburini. Hawa hawakuacha hati. Waliacha mtaa na nyama choma.

Lakini kama kuna ukoo wa Eastlands ambao ningeuweka mezani karibu na Cholmondeley, ni Mbotela.

Watu hupita Mbotela kila siku wakienda mjini na wengi hudhani ni jina la Mkoloni fulani ama neno la Kikamba. Mtaa uliitwa hivyo kwa heshima ya Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Nairobi Novemba 1952, mwezi mmoja hivi baada ya hali ya hatari kutangazwa. Alikuwa ameipinga Mau Mau waziwazi. Jirani yake kwa jina, Ambrose Ofafa, diwani wa jiji, aliuawa mwaka 1953, naye akapewa Ofafa zote tunazozijua: Ofafa Jericho, Ofafa Maringo. Serikali ya kikoloni haikuchagua majina haya kwa upendo mtupu. Ilikuwa inajenga nyumba za Waafrika na kuwaambia wapangaji, kwa ubao wa mtaa, ni Mwafrika wa aina gani inayempenda. Hata hivyo uhuru ulipokuja na Delamere Avenue ikabadilishwa, na Doonholm Road pia, Mbotela na Ofafa walibaki. Nadhani ni kwa sababu watu walikuwa wameshazaliwa humo. Jina lilikuwa limeshakuwa la kwao, siasa yake imeshakauka.

Ukilifuata jina la Mbotela nyuma, hufiki kwenye shamba. Unafika Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Miaka miwili kabla, 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa amelazimishwa kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Biashara iliendelea kwa siri, manowari za Waingereza zikawinda majahazi, na waliokamatwa humo walihitaji pa kuwekwa. Jina la Freretown ni la Bartle Frere, Mwingereza aliyeendesha mazungumzo ya mkataba huo. Kengele yao ya kuonya ipo hadi leo, pale Kengeleni, matatu zikiizunguka.

Mbotela wa kwanza alifika hapo akitokea upande wa Ziwa Nyasa, Malawi ya leo. Tunajua kwa sababu James Juma Mbotela alikaa chini akaandika. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilitoka mwaka 1934, kwa Kiswahili, kikieleza jinsi watu walivyotekwa, walivyotembezwa hadi pwani, walivyopakiwa, na walivyoanza maisha juu ya ardhi ya misheni. Kuna mengi ya kubishana nacho. Ni kitabu cha mtu aliyelelewa na misheni, na Mwingereza anatoka humo msafi kuliko alivyokuwa. Waarabu wa pwani wamekilalamikia pia. Lakini kama rekodi ya ukoo ni kitu cha pekee: watu walionyang'anywa kutoka kwenye ardhi yao, wakabaki na jina la mtu mmoja, wakakataa lipotee. Wengi waliopitia Freretown walipewa majina ya kizungu wakati wa ubatizo na yale ya kwao yakafifia. Hili halikufifia. Lilipanda treni kuja Nairobi, likaingia siasani, likauawa njiani usiku, likapewa mtaa.

Ukoo huo huo ndio uliotupa Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown mwaka 1940, sauti ya "Je, Huu ni Ungwana?" na ya mpira wa redio, mtu aliyelazimishwa kwa mtutu wa bunduki kutangaza mapinduzi asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982. Alifariki Februari 2025. Kwa hivyo kwa vizazi vichache tu, jina la mateka wa Nyasa limekuwa jina la kitabu, la mtaa, na la sauti iliyojaza kila nyumba yenye redio nchini. Halijawahi kuwa jina la shamba. Cholmondeley walipata jina kwa kupewa mahali. Mbotela ni mahali palipopewa jina na wao.

Nilinunua kaunta-buku la shilingi mia pale Burma, nikaenda kwa dani Jumapili moja baada ya ibada. Shangazi alikuwepo, akichambua mboga. Niliandika jina lake kwanza, juu kabisa ya ukurasa, na namba ya nyumba, na mwaka aliohamia kumuuguza babu. Alitazama, hakusema kitu, akaendelea na mboga. Halafu nikaanza kumuuliza dani kurudi nyuma: Odhiambo, mwana wa Owuor, aliyezaliwa usiku wa manane.

"Nani amekuambia usiku wa manane?" dani akaniuliza. "Nyakwara, Owuor alizaliwa mchana kweupe, watu wakiwa shambani. Jina hilo alipewa. Kuna mzee alikuja ndotoni mwa mama yake akalitaka."

Mzee gani?

"Owuor wa kwanza. Yule wa ng'ambo ya mto. Andika."